Neema ni Mwalimu Mbaya

Wapo wasemao kwamba Zanzibar ilipigwa na dhiki ya miaka ya 1980 kwa ghafla, mithili ya mtu aliyeangukiwa na radi. Kauli hiyo ni tamu, kwani haimlaumu mtu. Lakini si ya kweli. Dhiki ile ilichipua, ikaota majani, ikakua mchana kweupe.

Mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa katika sigara za kretek. Nchi hiyo, yenye visiwa vya Maluku vilivyo asili ya mkarafuu, iliamua kupanda mikarafuu yake kwa wingi. Na mkarafuu hauzai mwaka wa kwanza wala wa pili. Humngojesha mkulima miaka kadhaa. Muda wa kuhesabu ulikuwapo. Ila nani akae kuhesabu miche ya wenziwe, ilhali majamvi yamejaa, bei inapanda, na Zanzibar ya miaka ya 1970 ina televisheni ya rangi kabla ya nchi nyingi za Afrika? Indonesia ilipojitosheleza, bei ikaporomoka.

Husemwa pia kwamba kilichokosekana ni akiba ya fedha. Hiyo ni nusu ya hoja. Kilichokosekana kwanza ni akiba ya fikra. Aliyelelewa na neema huidhani kuwa ni maumbile, kama kujaa kwa maji. Hajui kuwa ni zamu. Ikimtoka, kwanza hukanusha, kisha humtafuta hasidi, mwisho huona haya. Mwenye kuona haya hatengenezi jambo, hukaa akangoja.

Wala visiwa hivi havikukosa somo. Mwaka 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika zaidi, ikawa ndiyo ngome ya zao hilo. Mikarafuu ikapandwa upya, neema ikarejea, na watu wakashika funzo lililo jepesi: kwamba karafuu hurudi. Funzo zito, kwamba haifai roho za watu wengi kuning'inizwa kwenye tawi moja, likaachwa chini kama makonyo. Bei ilipoanguka, wengi wakaingoja kama wangojavyo msimu. Lakini bei si mti. Haioti kwa mvua.

Washairi nao hawana pa kujitoa. Kalamu iliyozoea kusifu mavuno husinzia penye shibe, na huamka kuomboleza wakati maombolezo hayamfai mtu. Mshairi wa kweli huitaja njaa sahani zingali zimejaa, hata akichukiwa kwa kuharibu karamu.

Leo tawi hilo linaitwa utalii. Mwezi Aprili 2020, kwa sababu ya korona, Tanzania ilisitisha safari za abiria za kimataifa, na zikaruhusiwa tena mwezi Mei. Hata hivyo hoteli nyingi za pwani zilibaki tupu, na vijana waliokwisha iacha ngalawa na jembe wakarudi vijijini bila kujua waanzie wapi. Baadaye wageni walirejea, kwa idadi kubwa kuliko ya awali. Hapo ndipo penye hatari. Tayari inasemwa kwa furaha kwamba mtalii hurudi. Ndivyo ilivyosemwa juu ya karafuu.