Mwanga wa gatini si mali ya mwenye taa

Kuanzia mwishoni mwa vuli, ngisi wadogo huingia Puget Sound, mkono wa bahari ulio mbele ya jiji la Seattle nchini Marekani, na usiku gati za Seattle, Edmonds na Tacoma hujaa wavuvi. Husimama bega kwa bega kwenye baridi, wengi wao wahamiaji waliotoka Asia, kila mmoja na ndoo yake. Viumbe vidogo huvutwa na mwanga, na ngisi huvifuata, hivyo anayekuja na jenereta na taa kali ndiye anayewasha shughuli nzima. Hapo ndipo huzuka ugomvi: waliosogea kwenye mwanga ambao hawakuulipia wanavua kwa haki gani? Nasema wana haki kamili. Mwenye taa anastahili heshima, hastahili kodi.

Atajibu kwamba petroli ni yake na amefika mapema. Kweli, na kwa hiyo aachiwe nafasi iliyo chini ya taa yake, asisukumwe hata kidogo. Lakini ngisi hupenda kuvizia kwenye mpaka wa mwanga na giza, na jirani wa hatua kadhaa anaweza kuvua vizuri bila kumpunguzia kitu. Isitoshe, sheria ya jimbo la Washington, ambamo gati hizi zimo, imeweka kiwango cha siku kwa kila mvuvi. Akishakifikia, ngisi waliobaki majini hawamhusu tena. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao nao huvua kwa taa, wakibanana husogeza mitumbwi. Gati haisogei, na ndiyo maana adabu ina kazi kubwa zaidi hapa. Anayefika asalimie, aulize nyuzi za wenzake zimeelekea wapi, kisha ashushe uzi wake wima. Chambo cha ngisi kina duara la sindano zisizo na vikwanyo; uzi ukilegea tu, ngisi anachomoka. Mtu mmoja akirusha kimshazari, nyuzi tatu au nne husokotana, na upande ule wote husimama huku kundi likipita. Vilevile ngisi aachwe ateme wino wake juu ya maji kabla ya kuvushwa ukingoni, usije ukaishia kwenye koti la jirani.

Wapo wanaotaka gati igawanywe kwa namba ili ugomvi uishe. Tatizo ni kwamba kundi la ngisi huhama, na aliyepangiwa pembe isiyo na kitu angekaa hapo hadi alfajiri. Desturi humruhusu aombe kusogea, hata kwa ishara ya mkono pale lugha zinapopishana. Pingamizi lenye uzito ni jingine: kwamba desturi hizi ni silaha ya wenyeji kuwafukuzia wageni. Wakati mwingine ndivyo ilivyo, na hapo nasimama na mgeni bila kusita, kwa sababu gati hizi ni za umma. Kumwelekeza mtu namna ya kushusha uzi ni ukarimu. Kumnyima pa kusimama ni uporaji. Ndoo tupu iliyowekwa ukingoni kumshikia nafasi jamaa ambaye bado yuko njiani haina haki yoyote. Aliyefika na leseni yake aisogeze pembeni, avue.