UCHANGANUZI: Rekodi ya afya kwenye kompyuta haitafaa isipomfuata mgonjwa

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika hospitali nyingi za umma humu nchini, mgonjwa asiyelazwa hubeba daftari la shule ili daktari amwandikie humo maradhi na dawa zake. Daftari hilo likilowa au likisahaulika nyumbani, historia yake huanza upya.

Serikali iliahidi kukomesha usumbufu huo kwa rekodi za elektroniki. Sheria ya Afya Dijitali, ambayo Rais William Ruto aliitia saini Oktoba 2023 na baadaye ikapingwa mahakamani, ilikusudia kuunganisha vituo vya afya kote nchini kwa mfumo mmoja. Hata hivyo, katika mjadala huo mambo mawili tofauti yamekuwa yakichanganywa.

La kwanza ni faili ya elektroniki ya kituo kimoja. Hii ni ile ile faili ya karatasi iliyohamishiwa kwenye kompyuta: jina, umri, dalili, matokeo ya maabara, ugonjwa uliotambuliwa na dawa zilizotolewa. Hutumika pale pale ilipoandikwa. La pili ni rekodi ya afya inayotumiwa na vituo vingi. Hii humfuata mgonjwa, hivi kwamba anayetibiwa kisukari Kisumu akizirai Mombasa, daktari wa huko ataona dawa anazotumia.

Ili rekodi ya aina hii ifanye kazi, sharti kila mgonjwa awe na nambari moja ya kumtambua, na vituo vyote viandike majina ya maradhi na dawa kwa namna moja. Aidha, lazima kuwe na utaratibu wa idhini, unaoamua nani anaruhusiwa kufungua rekodi, na kumbukumbu inayoonyesha ni nani aliyeifungua na lini.

Manufaa yake si haba. Mfumo mzuri humwonya daktari anapoandika dawa inayomdhuru mgonjwa au isiyopatana na nyingine anayoimeza. Humfikishia matokeo ya maabara bila tarishi, na humkumbusha muuguzi ni mtoto yupi aliyekosa chanjo. Wizara nayo huweza kugundua mkurupuko wa ugonjwa mapema.

Kenya si mgeni katika uwanja huu. Mnamo 2001, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianzisha rekodi za kompyuta katika kituo cha afya cha mashambani cha Mosoriot, karibu na Eldoret. Utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kusubiri kwa asilimia 38. Kutokana na kazi ya eneo hilo, programu ya OpenMRS ilianza kutumika Eldoret 2006, na ndiyo iliyokuwa msingi wa KenyaEMR, mfumo uliosambazwa katika vituo vingi vinavyohudumia watu wenye virusi vya HIV.

Lakini utafiti huo wa Mosoriot ulifichua jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra. Muda ambao wahudumu walitumia kuzungumza na wagonjwa ulipungua kwa nusu, ilhali muda wa shughuli zao za kibinafsi uliongezeka. Kompyuta iliokoa dakika, ila haikuamua dakika hizo zitumiweje. Uamuzi huo ni wa wasimamizi wa vituo.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, sehemu kubwa ya mjadala wa dijitali imehusu usajili, madai na malipo. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, iliyojadiliwa 2025, ilisema kuwa mfumo huo wa Sh104.8 bilioni haumilikiwi na serikali. Mfumo wa malipo hutaka kujua huduma fulani ni ya bei gani. Rekodi ya afya hutaka kujua mgonjwa anaugua nini. Hospitali inaweza kulipwa kwa wakati na bado daktari asijue kuwa mtu aliye mbele yake aliwahi kudhuriwa na penisilini.

Isitoshe, kuna suala la siri. Karatasi iliyoibwa hufichua mgonjwa mmoja. Hifadhi ya kompyuta ikidukuliwa hufichua maelfu, wakiwemo wanaoishi na HIV. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Desemba 2025, siku chache baada ya Kenya na Marekani kutia saini mkataba wa afya wa dola 2.5 bilioni, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu iliyohusu kupeana data za wagonjwa. Agizo hilo lilidhihirisha kuwa umiliki wa rekodi hizi si jambo la wataalamu wa kompyuta pekee.

Sheria hiyo ya 2019 inampa mwananchi haki ya kuelezwa data zake zinatumiwaje, kuziona na kutaka makosa yarekebishwe. Haki hizo hazitakuwa na maana ikiwa karani wa mapokezi hazijui. Kaunti nazo hazina budi kuhakikisha kuna umeme wa dharura, nakala za akiba na mafunzo, la sivyo mtandao ukikatika wagonjwa watarejea kwenye foleni ya daftari.

Kipimo cha mradi huu basi kisiwe idadi ya kompyuta zilizozinduliwa wala ya watu waliosajiliwa. Kiwe iwapo mgonjwa aliyehama kaunti anaweza kutibiwa bila kusimulia maradhi yake upya, na iwapo anaweza kuambiwa, akiuliza, ni nani aliyefungua faili yake.