*TAARIFA YA TAWI: BEI NAFUU YA PROGRAMU SI SADAKA*



Maneno yamekuwa mengi kwenye kundi tangu wenzetu wenye maduka na steshenari wapate ujumbe wa kampuni ya programu yao ya hesabu: bei ya ukanda wetu imefutwa, na kuanzia mwezi ujao kila mteja duniani atalipa dola 30 kwa mwezi. Kamati ya Tawi imekaa jana usiku. Tunadai bei inayolingana na kipato cha nchi irudishwe, na hatukubaliani na wanaosema tunaomba msaada.

Tupige hesabu kwanza. Chukua dola moja kwa shilingi 2,500 ili kazi iwe nyepesi. Dola 30 ni 75,000. Mei Mosi 2025, pale Singida, Rais alitangaza kima cha chini cha mtumishi wa umma kitoke 370,000 kiwe 500,000. Kwa mtumishi huyo, 75,000 ni asilimia 15 ya mshahara, zaidi ya siku tatu za kazi. Marekani kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu 2009. Mlipwa kidogo wa kule anazipata dola 30 kwa saa nne na dakika chache. Saa nne kule, zaidi ya siku tatu hapa, programu ni ile ile. Na huyo ni mtumishi mwenye mshahara wa uhakika. Fundi cherehani wa mtaani kwetu hana hata huo.

Mwenzetu mmoja ameandika kwamba bei moja kwa wote ndiyo usawa. Ndugu yetu huyo kila asubuhi anapanda daladala ambayo mwanafunzi analipa 200 na yeye analipa zaidi, na hatujamsikia akilalamika kuwa kaibiwa. Tena kwenye daladala konda ana sababu ya kununa, maana mwanafunzi anakalia siti. Programu haina siti. Nakala ya mtu wa Tandika haimsimamishi mtu wa London.

Sisi tuliosomea uhasibu tunalijua hili vizuri. Gharama kubwa ya programu ni kuitengeneza, na hiyo haibadiliki wateja wakiwa mia au milioni. Mteja mmoja zaidi anaongeza kidogo tu: nafasi kwenye seva na kujibiwa maswali. Akilipa 20,000, na gharama yake iko chini ya hapo, kinachobaki kinachangia gharama kubwa na faida. Hapo Mmarekani hamlipii mtu. Mteja huyo akifukuzwa na bei ya 75,000, kampuni inapata sifuri.

Wala kampuni hizi hazijawahi kuamini bei moja. Mwaka 2013 kamati ya Bunge la Australia iliziita Apple, Microsoft na Adobe zieleze kwa nini Waaustralia wanatozwa zaidi ya Wamarekani kwa bidhaa zile zile, hata zinazopakuliwa kwenye intaneti bila meli wala kontena. Bei ikipanda kwa nchi fulani huitwa mkakati wa soko. Sisi tukitaka ishuke inaitwa huruma! Netflix ilishusha bei katika nchi nyingi mwaka 2023, Kenya ikiwemo, na haijageuka shirika la misaada. Na tangu 2002, kupitia mpango wa Hinari, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa wanazipa taasisi za nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo.

Hoja moja ya upande wa pili ina uzito: watu wa nchi tajiri watajifanya wako Dar ili walipe bei yetu. Wapo, ni kweli. Basi bei ya hapa ilipwe kwa pesa za simu, kwa laini iliyosajiliwa hapa kwa alama za vidole. Tuone wangapi watakuja.

Wanaosema tutumie nakala za wizi hatuwaungi mkono. Kuweka madeni ya wateja wako kwenye programu uliyonakiliwa na flashi usiyojua imetoka wapi ni kumpa mgeni funguo za duka. Na vijana wetu wanaotengeneza programu hapa hapa nyumbani ndio wa kwanza kuumia, kwa sababu hakuna anayeshindana na bure.

Serikali nayo ina sehemu yake. Tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali kwa walaji wa hapa zinatakiwa kutoza VAT. Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT anaweza kuidai kodi aliyolipa kwenye manunuzi. Mwenye duka dogo ambaye hajafikia mauzo ya kumlazimu kusajiliwa anaimeza yote. Hili tutalipeleka kikao cha Kata, kisha kwa Mbunge, kwa maandishi.

Barua ya kwenda kwa kampuni itasainiwa kikaoni Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya Tawi. Kila mwenye ankara za programu za miezi mitatu iliyopita aje nazo, au atume picha kwa Katibu kabla ya Ijumaa. Ficheni namba za kadi.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati