MLANGO WA WAANDISHI HUKO JAPANI

Hapana abishaye kwamba Wajapani ni mafundi wa vyombo vya kupashana habari. Mwaka 1955 kampuni iliyokuja kuitwa Sony iliuza redio yake ya kwanza ya transista. Februari 1999 NTT DoCoMo ikawatia watu wake intaneti katika simu ya mkononi, miaka minane kabla ya iPhone kuonekana madukani.

Lakini, ndugu msomaji, chombo si habari. Nchi hiyo hiyo ina desturi ya vyama vya waandishi, viitwavyo kisha kurabu, iliyoanza tangu 1890. Wizara ina chama chake na chumba chake, polisi kadhalika. Na wakaao humo ni watu wa magazeti makubwa na vituo vya utangazaji. Mwandishi wa kujitegemea, asiye na kampuni nyuma yake, mara nyingi huachwa nje, au huruhusiwa kusikiliza tu bila ya kuuliza. Mwaka 2009 Waziri wa Mambo ya Nje, Katsuya Okada, aliwafungulia watu hao mikutano yake. Si wote waliomfuata.

Wako watakaosema huo ni ugomvi wa waandishi wenyewe kwa wenyewe. La hasha! Machi 11, 2011 bahari ilipouvamia mtambo wa umeme wa Fukushima Daiichi, vinu vitatu vya nyuklia viliyeyuka ndani. Kampuni yenye mtambo, TEPCO, haikukiri mpaka Mei. Na mwaka 2016 ikabainika kwamba rais wake wa wakati ule aliagiza neno hilo la kuyeyuka lisitamkwe. Je, ni nani aliyestahili kulisikia mapema kuliko wafanyakazi waliokuwa mle ndani, ambao wengi wao walikuwa vibarua wa makandarasi? Habari za watu hao hazikupatikana kwa kukaa katika chumba cha mikutano. Tomohiko Suzuki, mwandishi wa kujitegemea, aliingia humo mwaka huo huo kwa kazi ya kibarua, akapiga picha kwa kamera iliyofichwa katika saa ya mkononi, na kabla ya mwaka kwisha akatoa kitabu.

Hatusemi kwamba kila asiye na mwajiri ni mkweli. Wapo wanaoandika upuuzi usiku na kuufuta asubuhi, nao twawajua. Hata hivyo, waliolikawiza neno la Fukushima hawakuwa hao.

Wala sisi wa gazeti la chama tusiwacheke Wajapani. Nasi tuna kiti chetu cha mbele, na chai huletwa kwetu kwanza. Twasema waziwazi kwamba kiti hicho hakikuwekwa kwa ajili yetu peke yetu. Mwandishi aliyekuja kwa basi na daftari lake kwapani naye aingie, aulize, na ajibiwe sisi tukiwapo.