Hifadhi ya Muda na Haki ya Ukaazi wa Kudumu

Ukaazi wa kudumu ni idhini ya kisheria inayomwezesha mgeni kuishi na kufanya kazi nchini bila kuomba ruhusa upya kila mara, ingawa hajawa raia. Hifadhi ya muda ni hali nyingine: mtu hupokewa kwa kuwa kwao kuna vita au mateso, au hupewa kibali cha miaka michache, na maisha yake yote hutegemea karatasi yenye tarehe ya mwisho. Nchi inayopenda haki haina budi kuweka njia ya kumtoa mtu katika hali ya pili na kumfikisha katika ile ya kwanza. Kenya haijaiweka njia hiyo ipasavyo, na Bunge halina sababu ya kuchelewa zaidi.

Jambo hili si la kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab peke yake. Karungu, katika Nyatike, kaunti ya Migori, imekaa kwenye ghuba ya Ziwa Victoria, jirani na Gwassi ya kaunti ya Homa Bay. Mikataba ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 na 1890 iliupitisha mpaka kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, umbali mfupi kusini mwa Karungu, ikawaacha Waluo wa Nyatike upande mmoja na ndugu zao wa Shirati upande ambao leo ni Tanzania. Watu hawakuacha kuoana, kuzikana wala kuvua pamoja. Katika mwambao wa namna hiyo, mtu aweza kufika akiwa kijana wa kuvua omena, akaoa, akazaa na kuzeeka, na bado daftari la serikali likamhesabu kuwa mpita njia.

Hasara ya hali hiyo huonekana kila siku. Asiye na kitambulisho hupata taabu kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kujiunga na bima ya afya na kupata leseni ya uvuvi. Akiibiwa nyavu, huogopa kwenda kituo cha polisi asije akaulizwa karatasi kabla ya kuulizwa habari za mwizi. Watoto wake hukua bila hati za kutosha. Jamii yenye watu wanaoishi kwa kujificha haiwi salama; huwa imewafuga wanyonge ambao kila mla rushwa huwageuza shamba lake.

Sheria zilizopo zina mema, lakini zina pengo. Katiba ya 2010, ibara ya 15, inamruhusu aliyeishi nchini kihalali kwa miaka 7 mfululizo kuomba uraia, na inampa haki hiyo pia aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka 7. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 37, inataja wanaoweza kupewa ukaazi wa kudumu: waliokuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa, watoto wa Wakenya waliozaliwa nje, wenzi wa raia waliooana kwa miaka 3 au zaidi, na waliokuwa na vibali vya kazi kwa miaka 7. Masharti ya kundi hili la mwisho humfaa mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni. Mvuvi wa mtumbwi na mkimbizi, ambao wengi wao hawajawahi kushika kibali cha kazi, hawana hata mwaka wa kuanzia kuhesabu.

Wengine hudhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeliziba pengo hilo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawapa wananchi wa Jumuiya haki ya kwenda kufanya kazi na kuishi katika nchi wanachama. Lakini suala la ukaazi wa kudumu imeliachia kila nchi na sheria zake. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 nayo inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya kuacha hadhi ya ukimbizi ili afaidi haki za itifaki hiyo. Hatua hiyo ni njema, ila mhusika huacha hifadhi moja bila kuhakikishiwa kwamba siku moja atakaa kwa kudumu.

Kwa kuwa njia ya kawaida haipo, watu wameishia kungoja huruma ya wakubwa. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya pwani, walilazimika kuandamana kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Washona, waliofika kutoka Zimbabwe kama wahubiri, walitambuliwa baada ya tangazo la rais la Desemba 2020. Wapemba, wavuvi wa Kwale na Kilifi, walingoja hadi 2023. Ni kweli kwamba sheria ya 2011 ilifungua mlango kwa wasio na utaifa na wahamiaji waliokuwako tangu kabla ya Desemba 12, 1963, pamoja na vizazi vyao. Mlango huo ulipewa miaka 5, ukaongezwa 3, kisha ukafungwa 2019. Haki yenye tarehe ya kuisha humpita yule hasa aliye mbali na ofisi.

Majirani wametoa mfano bora. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi na Tanzania katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima na kulipa kodi. Mwaka 2010 serikali iliidhinisha uraia kwa watu 162,156 miongoni mwao, na baada ya kusitasita, vyeti vilianza kugawiwa 2014. Mfano wa kuonya uko Marekani. Sheria ya huko ya 1990 ilianzisha hifadhi ya muda kwa watu wa nchi zenye vita au maafa. Wasomali waliingizwa mwaka 1991. Hadhi hiyo haina njia yake yenyewe ya kuufikia ukaazi wa kudumu. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuiweka njia hiyo 2019 na tena 2021, lakini Seneti haikuupitisha. Watu wamejenga nyumba na kulea watoto huku wakingoja tangazo la kila miezi 6 hadi 18 la kuongezwa au kukatishwa muda wao.

Wanaopinga wana hofu zinazostahili jibu. Wanahofia ardhi, lakini ibara ya 65 ya Katiba haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Wanahofia kura, lakini kura ni ya raia, na mkaazi wa kudumu si raia. Wanahofia usalama, lakini mtu aliyesajiliwa, alama za vidole vyake zikiwa serikalini, hufuatiliwa kwa urahisi kuliko asiyejulikana. Wanahofia samaki kupungua. Ziwa huharibiwa na nyavu haramu na uvuvi usiosimamiwa, na anayeweza kuwajibishwa ni mwenye leseni.

Kwa hiyo Bunge linapaswa kukirekebisha kifungu cha 37. Aliyeishi nchini kwa hifadhi au kibali chochote halali kwa miaka 7, bila kosa kubwa la jinai, apewe ukaazi wa kudumu kwa haki, si kwa hisani. Miaka ya ukimbizi ihesabiwe. Ushahidi wa chifu, wazee na viongozi wa mwalo ukubaliwe pale ambapo karatasi hazipo. Ada iwe ile anayoimudu mvuvi. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufani. Nafasi hii isiwekewe tarehe ya kufungwa. Kenya, iliyojiunga mwaka 1966 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao ibara yake ya 34 inazitaka nchi ziwarahisishie wakimbizi kupata uraia, haitakuwa imefanya jambo geni kwa kutoa haki hii iliyo ndogo kuliko uraia.

Wahamiaji nao wana wajibu wao: wajisajili, walipe kodi, wafuate kanuni za uvuvi na wasinunue vitambulisho vya uongo, kwani kila hati bandia huwapa wapinzani hoja. Wenyeji wa Karungu wawaambie wabunge wao wazi kwamba majirani hawa wanajulikana na kazi yao inaonekana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayepewa jembe hupewa kazi pamoja na nafasi miongoni mwa wenyeji. Kumpa kazi miaka 30 na kumnyima nafasi ni dhuluma, na dhuluma iliyoandikwa katika sheria huondolewa kwa sheria.