MSINIAGIZE MBUNA!

Bumu limetoka, watu wana raha, na hapa hosteli kumeingia ugonjwa mpya: kila chumba kinataka tangi la samaki. Safi, mimi sina neno. Ila tangu mjue kwetu ni Mbamba Bay, kila anayenikuta kwenye foleni ya wali ananiambia, "Kaka, ukirudi likizo tuletee mbuna kwenye dumu, tuwe wazalendo, tuachane na samaki wa Kichina." Jibu langu naliandika mara moja ili nisirudie: SILETI.

Kwanza niwape haki yenu. Samaki wa dhahabu kwenye bakuli la kioo ni ukatili. Yule akitunzwa vizuri anavuka sentimita 20, na anachafua maji kupita kiasi. Bakuli la lita tano kwake ni sawa na wewe kuishi chooni. Kwa hiyo kumkataa mko sahihi. Mnapokosea ni kudhani mbuna ndiye dawa.

Mbuna ni wale samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa, wa bluu, wa njano, wengine wana milia. Ziwa letu lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na wengi wao hawapatikani popote pengine. Huko Ulaya na Marekani kuna samaki anauzwa kwa jina la "Hongi", na Hongi ni kisiwa cha upande wetu wa Tanzania! Mzungu anakijua kisiwa hicho kwa ajili ya samaki, wakati mtu wa Mbinga mjini anajua kahawa tu. Hilo linaniuma. Lakini uchungu huo hautibiwi kwa dumu.

Sikilizeni. Dume la mbuna lina jiwe lake, na linalilinda kwa meno. Ziwani mnyonge anakimbilia jiwe lingine. Kwenye tangi lenu la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 (hizo ni lita 54 tu, pigeni hesabu) atakimbilia wapi? Mtaamka asubuhi mmoja anaelea, kesho mwingine. Mbuna anataka lita 200 na kuendelea, mawe mengi, na majike kadhaa kwa dume moja. Halafu wengi wao hula ukoga wa kwenye mawe. Mkiwashindilia nyama, tumbo linavimba wanakufa. Na hapo sijataja safari ya basi ya zaidi ya kilomita 1,000.

Sasa lile linaloniogopesha zaidi. Mkichoka, au mtihani ukibana, mtawamwaga mtoni au ziwani, "wajitafutie". Jamani! Mbuna jike hubeba mayai mdomoni kama wiki tatu, na watoto hukulia palepale kwenye mawe ya mama yao. Ndiyo maana kila kisiwa na kila rasi ina samaki wake. Upande wa Malawi, kisiwa cha Thumbi West kilimwagiwa mbuna wa kutoka sehemu nyingine za ziwa hilohilo, na wageni wakachanganya damu na wenyeji. Na wana Mwanza hawahitaji somo: sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, leo mamia ya aina za furu hayapo. Ziwa halina kitufe cha kurudisha nyuma.

"Basi mkuu, tufuge nini?" Chagueni kwa ukubwa wa tangi, rangi ije baadaye. Kwa lita 54 wekeni gapi sita au nane, madume watupu, la sivyo mtapata watoto kila mwezi na hamtakuwa na pa kuwapeleka. Mkitaka wa nyumbani, wapo wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Baadhi yao hawazidi sentimita tano, na tangi lenu linawatosha. Nunueni kwa mfugaji anayewazalisha, msiokote ziwani. Chagua kundi MOJA kati ya hayo, usichanganye. Na kabla ya samaki yeyote, tangi liendeshwe na chujio wiki nne hadi sita, huku likipewa chembe za chakula, ili bakteria wanaomeza sumu ya kinyesi waote. Hapo ndipo wengi wanafeli: wananunua tangi na samaki siku moja.

Sisi Wanyasa mbuna tunamwona bure, unapiga mbizi tu kwenye mawe. Anayetaka kumwona, barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay siku hizi ni lami. Njoo likizo, utalala kwetu, utakula ugali wa muhogo na usipa, na miwani ya kuzamia nitakuazima. Dumu acha hosteli, lichotee maji.

Nawakilisha.