Mkifika Mji Mkubwa, Waulizeni Wauza Vitabu vya Kale



Kila mwaka wengi wenu huondoka Kisangani kwenda miji mikubwa. Wengine hushuka mto hadi Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700, wakilala juu ya mizigo ya mpunga na mahindi. Wengine hufuata barabara ya Nia-Nia na Beni hadi Kampala, na wachache huendelea hadi Nairobi au Dar es Salaam. Mnakwenda kusoma, kutafuta matibabu, kununua bidhaa au kuhudhuria harusi ya ndugu. Mkirudi, tunawaona mmeleta simu, viatu na nguo. Hatuwalaumu, kwa kuwa msafiri huleta kile ambacho kwao ni haba. Lakini kuna kitu kilicho haba kwetu kuliko viatu, na karibu hakuna anayekileta: kitabu. Ni maoni yetu kwamba kijana yeyote afikaye mji mkubwa ajitengee nusu siku kuwatafuta wauza vitabu vya kale, wala asirudi mikono mitupu.

Hatusemi juu ya maduka yenye vioo, ambayo bei zake huwafukuza wengi wetu mlangoni. Tunasema juu ya wale wanaotandaza vitabu juu ya meza za mbao au turubali kando ya barabara. Kinshasa wako katikati ya mji. Nairobi, katika Moi Avenue na Tom Mboya Street. Dar es Salaam, katika mtaa wa Samora. Bidhaa yao hutoka njia nyingi. Mwalimu mstaafu hufariki, na watoto wake wakigawana nyumba huuza vitabu vyake pamoja na kabati. Mwanafunzi huuza kamusi ili alipe ada ya mtihani. Vingine hutoka Ulaya katika makontena ya misaada. Na kitabu kikikosa mnunuzi, mwisho wake tunaujua: muuza karanga hukichana ukurasa kwa ukurasa, akafungia karanga zake. Ndiyo sababu tunasema jambo hili lina haraka.

Kwa nini vitabu ni haba kwetu? Mji huu umepigwa mara nyingi. Waliotutangulia waliiona miaka ya 1964 na 1967. Nasi tunazikumbuka siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya nyumba zetu. Watu walikimbia na walichoweza kubeba, na kitabu hakina miguu. Kilichosalia hupigana na mchwa na unyevu wa msitu. Sisi tunaowaandaa walimu tunaona matokeo yake kila siku. Mwalimu kijana huingia darasani na daftari lake la zamani la sekondari, au na silabusi ya fotokopi iliyofifia. Huandika ubaoni yaliyomo, na watoto hunakili. Kama daftari lilikuwa na kosa, kosa hilo sasa limo katika madaftari hamsini, na mwaka ujao mmoja wa watoto hao atakuwa amekwisha kulifundisha kwa mdogo wake.

Tufikiri pia juu ya jina la mji wetu. Ulimwengu unaijua Kisangani kwa kalamu za wapita njia. Joseph Conrad alifika kwenye maporomoko yetu kwa meli mwaka 1890, akakaa siku chache, na miaka tisa baadaye hadithi yake Heart of Darkness ikaanza kusomwa. V. S. Naipaul alitoa riwaya A Bend in the River mwaka 1979. Haiutaji mji kwa jina, lakini mtu wa Boyoma akiisoma hutambua mto ni upi. Vitabu hivyo viwili huchapishwa tena na tena, na mgeni huja kwetu akiwa amekwisha kuvisoma. Lakini kuna kitabu kiitwacho Kisangani 1876–1976: histoire d'une ville, kilichotungwa chini ya uongozi wa Benoît Verhaegen na kutolewa na Presses Universitaires du Zaïre mwaka 1975. Jizuu yake ya kwanza inahusu wakaaji wa mji huu, yaani babu na bibi zenu. Tuulizane katika vikundi vyetu: ni wangapi wamewahi kukishika mkononi? Si vyema mgeni awe amesoma habari zetu, nasi wenyewe tusiwe nazo.

Mtu atasema: siku hizi kila kitu kimo katika simu. Tunaipenda simu, na aliye na intaneti aitumie. Lakini mambo mengi yaliyochapishwa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani katika miaka ya Zaire hayajawahi kuingizwa humo. Yamebaki karatasi tu. Tena simu hukujibu ulichouliza, na kijana asiyejua kwamba kitabu fulani kipo hawezi kukiuliza. Mbele ya meza ya muuza vitabu mambo ni mengine. Unatafuta kitabu cha hesabu, na chini yake unakuta riwaya ndogo ya Zamenga Batukezanga, iliyochapwa na Saint-Paul Afrique, ya namna ile ambayo wazazi wenu walipokezana hadi jalada likadondoka. Hukuijua, nayo sasa imekujua.

Na Kiswahili chetu? Hapa Kisangani tunakisema bega kwa bega na Kilingala, sokoni na katika sala, na wengi hudhani kwamba kazi yake huishia hapo. Anayefika Dar es Salaam au Nairobi aulize vitabu vya Shaaban Robert, kama Kusadikika. Aulize Shujaa Okonkwo, ambayo ni riwaya ya Chinua Achebe iliyotafsiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973. Aulize Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tamthilia za Shakespeare alizotafsiri Julius Nyerere, mwalimu aliyekuwa mkuu wa nchi wakati huo. Kijana akisoma ukurasa mmoja tu wa Kiswahili hicho, hatasema tena kwamba lugha yake haina maneno ya kutosha kwa mambo makubwa.

Sasa tuseme namna ya kutafuta, maana nia njema bila maarifa hupoteza nauli. Jambo la kwanza ni majina. Mji wetu uliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Nchi imekuwa Kongo ya Wabelgiji, kisha Kongo, kisha Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Mkoa wetu wa Tshopo ulizaliwa mwaka 2015. Kabla ya hapo tafuteni Province Orientale na Haut-Zaïre. Anayeuliza Tshopo peke yake ataambiwa hakuna, na kitabu kipo mbele ya macho yake. Jambo la pili, mheshimuni muuzaji. Msalimieni, mwambieni mnachotafuta, mwachieni namba ya simu. Alichotandaza ni sehemu tu ya alichonacho. Anayerudi siku ya pili huonyeshwa mengine. Jambo la tatu, kabla ya kupatana bei hesabuni kurasa, tazameni mwanzo na mwisho, fungueni katikati muone kama mchwa amepita. Na kwa safari ya mto, fungeni vitabu katika plastiki mbili, mviweke mbali na sakafu ya boti.

Lakini kuna jambo la nne, nalo ni zito. Juu ya meza hizo mtaona vitabu vyenye mihuri. Vingine ni vya masomo, vipya kabisa, vilivyotolewa bure kwa shule na kuandikwa kwamba ni marufuku kuviuza. Wengine hujitetea: "Nisipokinunua mimi, mwingine atakinunua." Sisi tunasema: msikinunue. Faranga mnazolipa ndizo zitakazomtuma mtu kuchukua sanduku lijalo, na mtoto aliyeandaliwa kitabu hicho yuko darasani akinakili ubaoni. Amri ya kutoiba haimhusu aliyeiba peke yake. Inamhusu pia anayempa faida.

Kitabu cha kale chenye muhuri wa maktaba ni shauri jingine. Pengine maktaba hiyo haipo tena, au ilikitoa yenyewe. Hapo kununua ni kuokoa. Kama shule au nyumba iliyopiga muhuri ingali hai, kipelekeni kwao, au wapigieni simu muulize. Mtu aliyerudisha kitabu kimoja kilichopotea wakati wa vita amefanya kazi ambayo mashirika makubwa hayakuifanya. Na mkikuta kimeandikwa jina la mtu kwa wino, "zawadi ya mwanafunzi wa kwanza" na mwaka wake, msifute. Hiyo nayo ni sehemu ya historia ya nchi hii.

Tunajua fedha ni chache. Ndiyo maana hatuombi maktaba ya kifahari. Tunaomba kila kikundi cha vijana, Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Lubunga na kwingineko, kiwe na ubao mmoja ukutani, mahali pakavu, na daftari la kuandika nani ameazima nini na lini atarudisha. Kila anayesafiri apewe orodha ya vitu vitano, na mchango mdogo wa wenzake. Akileta kimoja, asafiri kwa amani. Kwa mwaka, kikundi chenye wasafiri kumi kitakuwa na vitabu kumi, yaani zaidi ya vile alivyo navyo mwalimu mmoja katika shule zetu nyingi. Na mwalimu huyo aalikwe, aje asome pamoja nanyi.

Boti zitaondoka tena Kisangani wiki hii, na ndani yake watakuwamo vijana wa parokia zetu. Kabla hawajapanda, waandikieni orodha.